Mbele ya kununua skaneri, mutafute kwanza mutu wa kuchora nyumba yake

Mu miji yetu kliniki zinaota sawa uyoga kisha mvua. Lubumbashi, Kolwezi, Likasi, Goma, Bukavu: kila fasi kuko kibao kipya chenye kinatangaza radio, ekografi, skaneri, na mara moja-moja IRM. Ni jambo la kufurahia. Watu wetu wamechoka kupanda basi kwenda Ndola ao Lusaka juu ya kupigwa picha moja ya kichwa. Wale wa Kivu wanavuka kwenda Kigali ao Kampala, na wenye feza wanapanda ndege kwenda Afrika Kusini ao India. Mugonjwa mwenye ameanguka na pikipiki, damu ikijaa mu kichwa, hawezi kungoja viza.

Lakini kuko jambo moja lenye tunaona linarudia-rudia, na ile njo imetusukuma kuandika. Mwenye kliniki anakusanya feza, anaenda Dubai, China ao Ulaya, ananunua mashini. Kontena inapanda meli, inashukia Dar es Salaam ao Durban, inafuata barabara mpaka Kasumbalesa. Siku yenye inatoka duane, njo anaanza kujiuliza: tutaiweka wapi? Anaita fundi wa matofali mwenye alimujengea nyumba yake ya kulala. Fundi anapima na macho, anasema: «Patron, hapa itaenea.» Na kweli inaenea. Lakini kuenea si kufanya kazi, na kufanya kazi si kulinda watu.

Hatusemi fundi wetu hana akili. Fundi wa komini ya Kenya, wa Katuba, wa Ruashi, anajua kusimamisha ukuta wenye umenyooka sawa kamba. Hata arshitekti mwenye amechora mahoteli na mabenki anajua kazi yake. Tunasema tu kama chumba cha kupiga picha za mwili kiko na sheria zake, na zile sheria hazionekani na macho. Mutu mwenye hajakifanya hata mara moja atajifunzia juu ya mugongo wenu, na feza ya kujifunzia itatoka mu mufuko wenu.

Tuanze na mionzi, ile yenye inaitwa mionzi X. Wilhelm Röntgen aliivumbua mwaka wa 1895 kule Ujerumani. Inapita mu nguo, mu nyama, mu mbao, na inapita pia mu ukuta kama ukuta ni mwepesi. Haina harufu, haina rangi, haichomi palepale. Madhara yake yanakuja polepole, kwa mutu mwenye anapokea kidogo-kidogo kila siku, mwaka kisha mwaka. Inchi yenye ilitoa uranium ya Shinkolobwe, yenye iliwasha mu 1959 kule Kinshasa reakta ya kwanza ya Afrika nzima, haina haki ya kusema haijui mionzi ni nini. Zaidi ya ile, kuko sheria: ile namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inazungumuzia kulinda watu na hatari ya mionzi, na kamati ya taifa yenye inaitwa CNPRI njo iko na kazi ya kuchunguza. Arshitekti mwenye hajasikia hata jina la ile kamati, muanze kuwa na mashaka.

Mipaka yenye dunia nzima inafuata inajulikana. Mutu wa kawaida, sawa jirani ao mulinzi wa mulango, hafai kupokea zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka kutoka mu zile mashini. Mutumishi wa radio, mwenye anafanya ile kazi, ni milisiverti 20 kwa mwaka, kwa kuhesabu wastani wa miaka 5. Mutumishi mwenye mimba, kisha kutangaza mimba yake, mutoto wa tumboni anahesabiwa sawa mutu wa inje: milisiverti 1 kwa wakati wenye unabakia. Zile si namba za kuandika mu kitabu na kufunga. Ni zenyewe zinaamua ukuta ukuwe na unene gani.

Na hapa njo tunatofautisha mwenye uzoefu na mwenye kujaribu. Mwenye kujaribu atasema: «Tutaweka risasi milimita 2 fasi yote, inatosha.» Tunazungumuzia risasi ile chuma laini na nzito, si ya bunduki. Mwenye uzoefu hatasema vile. Atauliza maulizo yenye yanaweza kuwachokesha. Mutapokea wagonjwa wangapi kwa juma? Mashini itapiga kuelekea chini tu, ao pia kuelekea ukuta, kwa picha za kifua? Nyuma ya ule ukuta kuko nini: bustani, koridori, ao meza ya mama wa farmasi mwenye anakaa pale saa nane kila siku? Juu kuko etaji? Jirani anaweza kujenga nyumba yake kwa kugusa parsele yenu? Juu ya nini anauliza yote ile? Juu mutu mwenye anapita mu koridori sekunde 10 si sawa na mutu mwenye anakaa pale kutwa nzima, na mutu mwenye amesimama mara mbili mbali anapokea mara nne kidogo. Ukuta mumoja unaweza kuomba risasi nyingi, wa pembeni yake ukaomba matofali ya kawaida tu. Ile hesabu arshitekti mwenyewe haifanyi. Inafanywa na mutalamu wa fizika ya mionzi. Arshitekti wa kweli atawaambia wazi: «Munilipie na yule.» Mwenye anasema atahesabu peke yake anawapunguzia feza leo.

Juu ya vifaa, inafaa wasomaji wajue jambo moja lenye litawasaidia. Kwa mashini za radio za kawaida, milimita 2 za risasi zinazuia karibu sawa na santimita 15 za betoni nzito. Basi si lazima kila mara kuagiza risasi ya bei kali kutoka inje. Betoni yenye imejaa, ao matofali ya kuchoma yenye imejengwa manene bila tundu, inaweza kufanya kazi. Lakini bloku ya simenti yenye iko na matundu katikati, ile yenye tunajengea karibu kila kitu mu muji, ni mudanganyifu. Kwa macho ni ukuta wa santimita 20. Kwa mionzi ni ngozi mbili nyembamba na hewa katikati.

Na risasi yenyewe iko na ujanja wake. Inapandishwa kutoka chini mpaka karibu metre 2 na santimita 10. Vipande vyake vinafaa vipandane, visiachane hata kidogo. Mulango nao unafaa kuwa na risasi ndani, pamoja na kadre yake, pale watu wengi wanasahau. Kisha arshitekti anaondoka, electricien anakuja, anatoboa ukuta juu ya kuweka prize, na anaacha tundu lenye ukubwa wa kiganja. Fundi wa klimatizeri naye anatoboa lake. Mwenye uzoefu anajua hawa watu watakuja. Anaonyesha mu plani yake fasi ya kila prize na namna ya kufunika nyuma yake, na anarudi ku shantye siku ile wanatoboa. Kwa sisi, huyu mutu wa kurudi ku shantye ni wa maana kuliko mwenye michoro ya rangi-rangi.

Tulizungumuza na mama mumoja teknisye wa radio, mwenye anafanya ile kazi miaka 12 sasa. Hatutaji jina lake wala fasi yenye alifanyia kazi. Alituambia hivi: «Papa muandishi, watu wanafikirika mionzi inaenda mbele tu sawa tochi. Hapana. Inagonga mugonjwa, inatawanyika kila fasi, sawa maji yenye inaruka ku beseni. Pale nilianza, mulango wa kabine yangu ulikuwa wa mbao tu. Nilikuwa na mimba ya mutoto wangu wa pili. Niliomba dozimetri, wakasema itakuja. Basi kila mara pale nilikuwa ninabonyeza, nilikuwa ninaikunja shingo, ninajificha nyuma ya kabati ya chuma.»

Tulimuuliza: «Na mutoto, Mama?»

«Mutoto ni muzima, Mungu asifiwe, iko anasoma ya tatu. Lakini ile miezi tisa sikulala. Sasa fasi ninatumika leo, mbele ya kujenga, arshitekti alikuja, akanikalisha, akaniuliza: Mama, unasimamaka wapi pale unabonyeza? Unaonaka mugonjwa namna gani? Mugonjwa wa machela anageukia wapi? Miaka yote ile hakuna mutu alishaniuliza. Na angalia: kabine yangu iko pembeni, mashini haiwezi kunielekea hata nikitaka, na dirisha yangu ni ya kioo cha risasi. Ninaona mugonjwa kutoka kichwa mpaka miguu.»

Ile «unasimamaka wapi» ni ulizo moja tu, na inapita diplome nyingi zenye tuliona zimetundikwa ku ukuta.

Ekografi, kwa upande wake, haina mionzi, haiombi risasi hata milimita moja. Mwenye kuwauzia risasi juu ya chumba cha ekografi anawaibia. Inaomba giza kidogo, pazia la heshima, na choo pembeni kabisa, juu mama mwenye ameambiwa anywe maji mengi na asikojoe mbele ya kupimwa hafai kutembea koridori metre 40. Ni kitu kidogo. Lakini tumeona nyumba mpya zenye choo cha wagonjwa kiko inje, upande ule mwingine wa parsele, mu mvua.

IRM ni hadisi nyingine kabisa. Hapa hakuna mionzi X, kuko sumaku, na ile sumaku haizimwi usiku wakati watu wanaenda kulala. Iko inafanya kazi saa 24, hata siku ya Mungu. Mwaka wa 2001, mu hospitali moja ya jimbo la New York, Marekani, mutoto wa miaka 6 alikufa ndani ya IRM juu mutu aliingiza chupa ya chuma ya oksijeni mu chumba. Sumaku iliivuta sawa risasi ya bunduki. Ku mulango wa chumba sawa kile, kibao cha «usiingie» hakitoshi. Nyumba yenyewe njo inafaa kuzuia: mugonjwa apite kwanza fasi ya kuulizwa, kisha fasi ya kuvua saa na funguo na mukaba, kisha mulango wenye teknisye peke yake anafungula. Machela ya chuma isiwe hata na njia ya kukosea. Ile ni kazi ya arshitekti. Kisha betoni kukauka, hakuna muganga wala mulinzi mwenye ataisahihisha vizuri.

Nguvu ya sumaku inapita ukuta na etaji pia. Risasi haiizuii. Kuko musitari wa usalama wenye wanganga wanaujua, wa militesla 0.5: mutu mwenye iko na pesmeka ku moyo hafai kuuvuka bila kujua. Mwenye kuchora anafaa aonyeshe ule musitari mu plani, pembeni, juu na chini, ili usifike mu chumba cha kungojea ao ku njia ya watu. Na kwa upande wa pili, vitu vya inje vinaharibu picha: lifti, lori kubwa za migodi, treni. Mu muji wenye reli inapita katikati sawa wetu, parsele ya bei rahisi pembeni ya reli inaweza kuwa bei kali sana kwa IRM. Mwenye uzoefu anapima ile fasi mbele hamujanunua kiwanja.

Kisha kuko heliamu. Sumaku ya IRM inapozwa na heliamu ya maji-maji, baridi karibu digri 269 chini ya zero. Kama kitu kinaharibika, inaweza kugeuka gazi kwa mara moja, na litre moja ya maji-maji inatoa litre zaidi ya 700 za gazi. Ikijaa mu chumba, inafukuza hewa, mutu anakosa pumzi. Njo maana kunawekwa bomba kubwa lenye linapanda mpaka juu ya manjanja na kutoa gazi inje, fasi hakuna dirisha wala mutu, na lenye limefunikwa ili ndege wasijenge nyumba yao ndani. Mashini mpya zingine zinatumikisha heliamu kidogo sana, litre chache tu. Ni ulizo la kuuliza mbele ya kununua, na arshitekti mwenye amezoea atawakumbusha. Kwa habari tu: mwaka wa 2016 walitangaza kama kuko heliamu chini ya udongo wa Rukwa, kule Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Lakini yenye inajaza mashini mu hospitali zetu bado inatoka mbali, na bei yake ni ya mbali.

Hapa tunafika ku jambo lenye kila musomaji wetu anajua kuliko sisi: umeme. Skaneri ikipiga, kwa sekunde chache inaweza kuomba kilowati karibu 100. Kisha inanyamaza. Mashini ya kupoza IRM yenyewe hainyamazi, inaomba umeme usiku na muchana. Delestaji ya siku mbili bila grupu ya kutosha, heliamu inaanza kutoroka, na ninyi munaanza kulia. Arshitekti mwenye alijifunzia Ulaya tu atachora kabine ndogo ya umeme, atafikiri inchi yote iko sawa kule. Mwenye amefanya kazi hapa ataacha fasi ya grupu mbili, fasi ya ondulere na betri zake, fasi ya mazutu, na ataiweka mbali kidogo na kitanda cha mugonjwa juu ya makelele na moshi. Atafikiria joto la Oktoba na vumbi nyekundu ya wakati wa jua, yenye inaingia mu kila tundu na kukaa mu elektroniki sawa unga.

Atafikiria radi pia. Ndugu zetu wa Kabare, mu Sud-Kivu, hawahitaji kuambiwa: uchunguzi wa satelaiti za NASA, wenye ulitoka mwaka wa 2016, ulionyesha kama pale njo fasi ya kwanza mu Afrika yenye inapigwa na radi, na ya pili mu dunia nzima, kisha ziwa la Maracaibo kule Venezuela. Paratoneri ku paa na waya wa kushuka mu udongo si mapambo. Kule Kivu muongeze na udongo wenyewe: Bukavu ilitetemeka mu Februari 2008, na Goma ilitetemeka siku nyingi kisha Nyiragongo kulipuka mu Mei 2021. Sumaku ya tonne 4 ao 5 juu ya sakafu yenye imejengwa juu ya mulima wenye unateremuka, ile si ya kuachia Mungu peke yake.

Na ile tonne 5 inaingia namna gani? Tunajua kliniki moja, hatutaitaja, yenye mashini yake ililala mu kontena miezi mingi, mu jua na mu mvua, juu mulango ulikuwa mudogo na koridori iko na kona kali. Walibomoa ukuta wa mbele, wakaingiza mashini, wakajenga upya na bloku zile za matundu. Chumba cha kungojea kiko nyuma ya ule ukuta. Mama wenye watoto ku mugongo wanakaa pale kila asubui. Mwenye uzoefu anaanza na njia ya mashini: kutoka barabara, kupita ku lango, mpaka ku fasi yake, na anaacha ukuta mumoja wenye unaweza kufunguliwa tena. Juu siku moja, kisha miaka 10 hivi, ile mashini itazeeka, itatoka, nyingine itaingia.

Sasa tuseme ukweli: mu jimbo letu, maarshitekti wenye walishafanya chumba cha skaneri ao IRM ni wachache. Mutafanya namna gani? Wamoja wanamukabizi mwenye kuuza mashini achore yeye. Siemens, GE, Philips, Canon, wote wako na vitabu vyao vya kuonyesha namna ya kuweka mashini yao, na vile vitabu ni vya lazima. Lakini muuzaji anachorea mashini yake, hachorei kliniki yenu. Hajui wapi mama atakojoa, hajui jirani yenu ni nani. Njia yenye tunaona inafaa ni kuunganisha wawili: mumoja mwenye uzoefu, hata kama yuko Kinshasa ao Johannesburg, anachora na kuangalia, na arshitekti wetu wa hapa, kijana mwenye bidii, anakaa ku shantye kila siku na kujifunza. Mara ya pili, kijana atakuwa mwenye uzoefu. Andikeni ile mu mukataba, isibakie ahadi ya midomo.

Mufano wa karibu uko Butaro, mu wilaya ya Burera, Rwanda, muguu ya volkano zilezile zenye Goma inaziona kwa upande mwingine. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka wa 2011. Maarshitekti wa MASS Design Group waliichora pamoja na serkali ya Rwanda na Partners In Health. Haikujengwa juu ya mashini za picha, tunaileta tu kwa sababu ya namna walifanya. Waliuliza wanganga kwanza: ugonjwa unaambukizana wapi? Jibu: mu koridori za kufungwa, fasi watu wanakohoreana. Basi koridori zikatolewa inje, madirisha yakawa makubwa, hewa ikapita. Kuta zikajengwa na jiwe la volkano, na mafundi wa palepale. Jiwe lile mu Goma tunalikanyaga kila siku.

Namna ya kumupima arshitekti mbele ya kusaini? Musimuombe picha. Muombe anwani ya vyumba vitatu vyenye alifanya, na muende kuviona ninyi wenyewe. Kule musizungumuze na patron peke yake. Patron atasema yote ni muzuri, juu feza yake iko mu ile nyumba. Mutafute teknisye, na mutu wa kufanya usafi. Mumuulize teknisye kama anaona mugonjwa kutoka kabine, kama machela inageuka, kama klimatizeri inatosha mu Oktoba. Mumuulize wa usafi maji yanasimama wapi. Kisha mumuulize arshitekti mwenyewe: ku ile kazi, ni kitu gani mulibadilisha katikati, na juu ya nini? Mwenye anajibu «hakuna kitu» hajakaa ku shantye. Mwenye anaeleza nusu saa juu ya mulango mumoja wenye ulikuja bila risasi ndani, na namna aliujua kwa uzito wake wakati watu wawili waliubeba bila jasho, huyo mumuweke ku liste.

Juu ya malipo yake, wengi wanalalamika. Wanasema arshitekti anakula feza ya kununua mashini. Tunawaelewa, feza inatafutwa kwa shida, wengine wameuza parsele ao wamekopa ku ndugu wa Ulaya. Lakini muhesabu bei ya kubomoa ukuta mara mbili, ya miezi sita mashini ikilala, ya mutumishi mwenye anaacha kazi juu ya woga. Ile hesabu kila mufanyabiashara wa hapa anaijua kufanya, akiamua kuifanya.

Mu mukataba, kipande cha mwisho cha malipo kibakie mu mukono wenu mpaka siku ya kupima. Mbele ya mugonjwa wa kwanza kuingia, mutalamu wa mionzi anakuja na chombo chake, mashini inapigishwa juu ya ndoo ya maji yenye inachukua fasi ya mwili wa mutu, naye anazunguka inje: nyuma ya kila ukuta, ku kadre ya mulango, ku kila prize, ku benchi ya kungojea. Anaandika namba. Namba zikiwa juu, wanafungula ule ukuta na kurekebisha, na arshitekti yuko pale. Zikiwa muzuri, ripoti inasainiwa, nakala moja inaenda ku CNPRI, nyingine inakaa ku kliniki pamoja na plani ya mwisho yenye inaonyesha risasi iko wapi na imefika urefu gani, ili electricien wa mwaka ujao ajue fasi ya kutoboa.